Historia ya kampuni ya kubuni: -li- au -ka-?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya kuhusu kampuni ya teknolojia ya kubuni hapa Mombasa, na sura ya kwanza ni historia yake. Nimetumia -li- kila mahali. Rafiki yangu asema yachosha kama kumbukumbu za mkutano, nitie -ka-. Je, -ka- si ya hadithi za watoto? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako amesikia vizuri, na -ka- si ya watoto. Habari za kale za watawala wa Pate, kisiwa cha Lamu, zimejaa -ka-: huyu akafa, yule akatawala. Ila -ka- haisimami peke yake, hutanguliwa na kitenzi kilichokwisha kutaja wakati. Tazama:

“Mwaka 2009 nyaya za faiba za chini ya bahari zilifika Mombasa. Vijana wawili wakakodi chumba Mji wa Kale, wakanunua kompyuta kuukuu, wakaanza kuwauzia programu mawakala wa forodha wa Kilindini.”

“Zilifika” imebeba mwaka na vingine vimefuata. Ukirukia mwaka mwingine, anza upya na -li-. Ukirudi nyuma, -ka- haikufai kabisa; sema “walikuwa wamekwisha kukopa”.

Lakini lililo kubwa zaidi kwako ni hili. Linganisha “Meneja alijiuzulu. Kampuni ilifilisika” na “Meneja alijiuzulu, kampuni ikafilisika.” Sentensi za kwanza ni matukio mawili tu. Ya pili yaweka moja nyuma ya jingine, na msomaji huanza kushuku kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Kwa hiyo kila -ka- unayoiandika yakaribia kuwa shutuma, nawe mtunzi ndiwe unayejua kama ni ya haki.

Basi usiichague moja kwa sura nzima. Ipe kampuni yako historia mbili. Ile rasmi, ya kitabu cha maadhimisho, iende kwa -li- na kauli ya kutendwa: “Wafanyakazi walipunguzwa. Ofisi ilihamishiwa Nyali.” Nani aliwapunguza? Haisemwi, na kampuni yapenda hivyo. Kisha mwache bawabu wa zamani asimulie yaleyale: “Walichukua mkopo, wakashindwa kulipa, wakatufukuza sisi, wao wakahamia Nyali.” Ningependa sana kuisoma sura hiyo.

Bawabu huyo akiwa Mmvita, yaani Mswahili wa Mombasa, atafupisha “nika-” kuwa “ha-”: “hamwambia” kwake ni “nikamwambia”. Msomaji wa bara ataidhani kanusho, kwa hiyo mara ya kwanza iandike pale ambapo muktadha hauachi shaka: “Nilimfuata ofisini, hamwambia, ‘Bwana, usiuze.’ Akauza.”