Muulize Fundi: Jenereta iwake yenyewe usiku

*Shikamoo fundi. Nauza samaki wa kugandisha nyumbani, nina friza mbili. Nina jenereta ya dizeli ya kVA 7, ya kuwasha kwa ufunguo, ipo kibandani nyuma ya nyumba. Umeme ukikatika usiku tumelala, asubuhi nakuta samaki wamelegea. Fundi wa mtaani kasema atanifungia kontakta mbili ili jenereta iwake na kuzima yenyewe, nyutro zote ataziunganisha pamoja. Je, ni salama? — Mama wa samaki, Tabata Segerea*

Marahaba mwanangu. Kontakta mbili, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, si tatizo. ATS nyingi za nyumbani (swichi zinazohamisha nyumba zenyewe kati ya TANESCO na jenereta) ndani yake zina hizo hizo. La kumuuliza ni hili: ameweka kizuizi cha kimitambo kati yake? Ni kipande kidogo kinachokaa katikati, kontakta moja ikiingia nyingine haiwezi kuingia hata uisukume kwa nguvu. Mwambie akuonyeshe umeme ukiwa umezimwa kabisa. Abonyeze ya TANESCO kwa bisibisi, aishikilie, kisha ajaribu kubonyeza ya jenereta. Ikiingia, usiipokee kazi hiyo. Atakwambia amezuia kwa waya za koili, ile sumaku inayovuta kontakta. Nazo ziwepo, ila peke yake mimi sizitegemei: waya mmoja ukirudishwa vibaya siku ya matengenezo, ulinzi umekwisha.

Nalisisitiza hili kwa ajili ya mtu usiyemwona. Transfoma ya mtaa hushusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi 230 za nyumbani. Umeme wa jenereta ukirudi kinyume, transfoma hiyo hiyo inaupandisha, na kijana wa TANESCO aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa anaweza kufa kwa umeme uliotoka kibandani kwako. Ndiyo maana ule waya wenye plagi dume pande zote mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, naukata kila ninapoukuta. Mwenye nyumba akinuna, anune.

Kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, sikubaliani na fundi wako. Nyumba ya fezi moja ifungwe swichi ya poli mbili, ibadilishe laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro kwa pamoja. Ukiziunganisha, umeme wa jenereta unapata njia nyingine ya kurudia kupitia nyutro ya TANESCO na ardhi, RCCB (swichi inayojikata umeme ukivuja) inaweza kuanza kujikata ovyo, nawe utazunguka nyumba nzima kutafuta hitilafu ambayo haipo kwenye friza wala kwenye taa. Nyutro ya jenereta ifungwe kwenye ethi (waya wa ardhini) pale pale kwenye jenereta, yenye fimbo yake ardhini iliyounganishwa na ethi ya nyumba. Waya wa ethi wenyewe haupiti kwenye swichi yoyote.

ATS ikae baada ya mita ya LUKU na swichi kuu, kabla ya DB (boksi la breka za nyumba). Ukubwa wake uendane na breka kuu ya nyumba, maana umeme wa TANESCO nao unapita humo. kVA 7 kwa volti 230 ni kama ampea 30 tu, na friza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake zinapoanza. Kwa hiyo AC na hita ya maji zichukue umeme kabla ya ATS, zibaki upande wa TANESCO peke yake.

Muda aupange hivi: umeme ukikatika isubiri sekunde 5 ndipo iwashe, injini ichanganye sekunde 15 ndipo ibebe mzigo. Umeme ukirudi isubiri dakika 5, kwa sababu mitaani kwetu hurudi na kukatika tena, halafu injini izunguke bila mzigo dakika 3 ipoe. Betri ya kuwashia iwe na chaja inayokula umeme wa TANESCO. Na muulize ni kitu gani kitakachozima injini: dizeli nyingi ndogo huzimwa kwa kuvuta wenzo kwa mkono, hizo zinahitaji solenoidi, sumaku ya umeme ya kuuvuta wenzo huo.

Sasa angalia kibanda. Jenereta inayowaka yenyewe itawaka mmelala, na moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, inayoua. Kama ekzosi inaelekea dirisha la chumba, ihamishwe kabla ya ATS kufungwa. Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aioneshe.

*Fundi, jenereta yangu ni ya petroli, ya kuvuta kamba. Nayo naweza kuifungia ATS? — Msomaji, Mbagala*

Hapana ndugu yangu, kamba haijivuti. Nunua chenjiova (swichi ya kubadilishia umeme) ya mkono ya poli mbili, yenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Umeme ukikatika ipeleke kwanza kwenye sifuri, washa jenereta, iache itulie, ndipo uipeleke upande wa jenereta.