Wasome, kisha wasiulizwe kitu

Wiki hii mmeuliza: je, shule zitenge muda kwenye ratiba ili wanafunzi wasome kimya vitabu vya kujiburudisha? Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali huku Temeke, na jibu langu ni ndiyo. Iwe kila siku, asubuhi, dakika kumi au kumi na tano. Ila nina sharti moja, na lisipofuatwa ni heri tusianze kabisa: mtoto akishasoma, asiulizwe kitu.

Najua baadhi ya walimu wenzangu watashtuka. Tumezoea kwamba kila habari ina maswali yake chini. Mpe mtoto wa darasa la tatu karatasi yenye hadithi, utaona macho yanakimbilia chini kwanza kutazama kaulizwa nini, ndipo arudi juu kuyawinda majibu. Hadithi yenyewe hana habari nayo. Ufahamu una nafasi yake na mimi naufundisha kwa moyo wote. Lakini tukitenga dakika kumi za raha halafu tukadai muhtasari na sifa za wahusika, tumeongeza kipindi kingine cha ufahamu tu, na watoto watalitambua hilo siku ya kwanza.

Ukimya nao una kazi yake. Madarasa ya chini kwetu husoma kwa sauti, wote kwa pamoja: mwalimu anatangulia mstari, darasa linapokea. Simlaumu mwalimu. Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka sana, na darasa la watoto mia na zaidi si jambo la ajabu Dar es Salaam. Atamfikia vipi kila mmoja? Lakini humo kwenye kuitikia ndimo anamojificha asiyejua kusoma. Ukurasa mzima ameushika kama wimbo. Mfungulie ukurasa mwingine, hana neno. Anaweza kupanda madarasa kwa namna hiyo mpaka la tano. Na anayejua vizuri naye anabanwa, kwa sababu lazima aende na mwendo wa wenzake. Hawezi kurudia sentensi iliyomchekesha wala kuruka kurasa zinazomchosha ili awahi kuona fisi alivyonaswa. Akiachwa asome kimya, mwendo unakuwa wake. Kwangu mimi raha ya kusoma inaanzia hapo.

Mfano ninaopenda kuutaja ni wa Japani. Mwaka 1988, katika sekondari moja ya wasichana mkoani Chiba, mwalimu Hayashi Hiroshi na mwenzake walianzisha dakika kumi za kusoma kila asubuhi kabla ya masomo. Kanuni zilikuwa nne: wote wasome, kila siku, kitabu anachokipenda mtu mwenyewe, na kusoma tu basi. Hakuna ripoti, hakuna alama. Baadaye utaratibu huo ulienea katika maelfu ya shule nchini humo. Na kanuni ya kwanza inamhusu mwalimu pia. Hapo ndipo penye ugumu kwetu, maana zile dakika kumi tutatamani kuzitumia kusahihisha madaftari. Tusizitumie hivyo. Watoto wetu wengi wamemwona mtu mzima akisoma msahafu au Biblia, wamemwona akisoma gazeti au simu. Wachache wamemwona amezama kwenye hadithi mpaka anatabasamu peke yake. Wamwone mwalimu wao.

Sitaki kuahidi makubwa. Jopo la kitaifa la masuala ya kusoma nchini Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kusoma kimya peke yake, pasipo mwalimu kuelekeza, kunaongeza ufasaha wa kusoma. Nalikubali. Mtoto asiyezijua herufi hatazijua kwa kukikodolea kitabu macho. Huyo anahitaji kufundishwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, upya, kwa subira, katika vipindi vyake. Kwenye dakika hizi apewe kitabu cha picha na akae na rafiki anayemnong'oneza. Sizitetei dakika hizi kwa ajili ya kupandisha ufaulu. Nazitetea kwa sababu wanafunzi wangu wengi wanaishi chumba kimoja na familia nzima, televisheni imewashwa, mdogo analia, na giza likiingia kuna vyombo vya kuosha. Wasipopata nafasi ya kusoma kwa utulivu shuleni, hawaipati kokote.

Tunaambiwa vitabu hakuna. Ni kweli ni vichache, lakini vingine vipo na vimefungiwa. Shule nyingi zina kabati ofisini lenye vitabu vya ziada, vingine vikiwa bado vinanukia wino, kwa sababu kikipotea kitabu, mwalimu aliyesaini ndiye anayeulizwa. Naziomba kamati za shule zikae na kuamua kwa maandishi kwamba kitabu cha hadithi kilichochakaa mikononi mwa watoto si hasara ya mwalimu. Uamuzi huo hauna gharama, na utatoa vitabu vingi nje kuliko harambee yoyote. Wapo waliokwisha kutangulia katika kazi hii: Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulikuwa ukinunua sehemu ya nakala za vitabu vya Kiswahili kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni, na hivyo wachapishaji walikuwa na sababu ya kuendelea kuwachapia watoto. Tunahitaji mipango ya aina hiyo kwa wingi.

Kuna watakaosema watoto waende maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto na naipenda. Lakini iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mjini kabisa. Mtoto wa Chamazi au Chanika ataifikia kwa daladala mbili na nauli ya mtu mzima wa kumsindikiza. Boksi la vitabu arobaini darasani, likibadilishana na la darasa jirani kila mwezi, litamfaa zaidi.

Kama shule haiwezi kuanza na madarasa yote, ianze na la tatu. Hao wametoka kwenye KKK, walio wengi wanaweza kusoma sentensi nzima, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne bado haujawakaba. Wapewe mwaka mzima wa kusoma wanachotaka, na mwalimu wao wa darasa, hata kama ni wa hisabati, akae nao na kitabu chake mkononi.

Mwalimu wa shule ya msingi, Temeke