Mwalimu anaweza kuikosoa mitaala mipya hadharani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Ilemela. Katika mkutano wa wazazi nilieleza kasoro za mageuzi ya elimu, na mwenzangu akanionya kwamba huo ni uchochezi wa mgomo. Je, ni kweli?
Mwalimu, Mwanza

JIBU: Mwalimu, mwenzako amechanganya mambo mawili. Mgomo ni kuacha kazi, nao una masharti magumu; ule ulioitishwa na Chama cha Walimu Tanzania mwishoni mwa Julai 2012 ulidumu siku chache tu kabla ya Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, kuubatilisha. Kueleza kasoro mbele ya wazazi si kugoma, ingawa wewe, kama mtumishi wa umma, hupaswi kutoa siri za ofisi wala kusema kwa niaba ya mwajiri.

Hoja zenyewe zipo, tena nzito. Kwa kuwa elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka 7 hadi 6, watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza mwaka 2027 pamoja na waliowatangulia, na makundi hayo mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa mara moja. Madarasa, madawati na walimu watatoka wapi, hasa visiwani Ukerewe? (Swali hilo wazazi wangeliuliza hata bila wewe.) Liandike, lipeleke kwa mwakilishi wa chama shuleni kwako, na ubaki na nakala.