Mtoto wangu wa darasa la tatu hanyooshi tena mkono

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mwalimu mwaka wa pili sasa, nafundisha hesabu darasa la tatu, watoto 84 chumba kimoja. Wiki iliyopita nilimwita mtoto ubaoni afanye 52 kutoa 27 akaandika 35, darasa zima likaangua kicheko na mi nikacheka kidogo nikasema haya nani amsaidie mwenzake. Tangu siku hiyo hanyooshi mkono, anakopi kwa jirani, na nikipita kwenye dawati lake anakinga kichwa wakati sijawahi kumchapa. Ofisini wananiambia mchape mara moja tu atachangamka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kuchapa iache kabisa. Kanuni za viboko Tanzania Bara zinataka visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, sasa kukosea kutoa ni utovu gani wa nidhamu jamani.

Tuje kwenye hiyo 35 maana hapo ndo pana kazi. Yule mtoto hakubahatisha, aliona 2 juu na 7 chini akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5, alafu 5 toa 2 akapata 3. Na nani alimfundisha hivo? Sisi wenyewe! Tangu darasa la kwanza tunawaimbia kwamba ndogo haitoi kubwa, yeye akatii. Mpe 63 kutoa 28 ukiwa umechuchumaa pale dawatini kwake, umwambie nioneshe ulivofanya, akileta 45 ujue ni kanuni ileile iko kichwani na sio uzembe. Hapo chukua vijiti, mafungu matano ya kumikumi na vijiti viwili pembeni, mwambie atoe 27, vile viwili havitatosha kutoa saba kwa hiyo atafungua fungu moja kwa mikono yake mwenyewe, apate 12, atoe 7 zibaki 5, na mafungu manne atoe mawili. 25 ataiona kwa macho. Ukimwambia tu "kopa kwa jirani" hajui anakopa nini.

Alafu aliaibika mbele ya wenzake, kwa hiyo na wewe rekebisha mbele ya wenzake. Jumatatu andika ubaoni 52 - 27 = 35 bila kumtaja, uliza aliyepata hivi aliwaza nini, utashangaa mikono itakayonyooka kwa sababu kati ya hao 84 wenye kosa hilo ni wengi, walicheka tu kwa vile hawakuitwa wao. Na waambie siku ile mwalimu alikosea kucheka. Usiogope kushuka heshima, watoto wanajua sana nani anawaonea na nani anawatendea haki.

Kinachoniumiza mimi ni huo mkono wa kichwani. Mtoto hakingi kichwa bure, huenda kuna mahali anapigwa, labda darasa la jirani au nyumbani. Usimhoji mbele za watu. Mpe kakazi kadogo, akubebee chaki au akusanye madaftari, mtembee wote mpaka ofisini kila siku, ataongea mwenyewe akishakuzoea, na akisema kuna anayemuumiza peleka kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Alafu niandikie tena mwanangu, nataka kujua anaendeleaje.