Mkahawa wa Kithai, wa Mthai au wa Thailand?

SWALI: Naandika mwongozo mfupi kwa wakazi wa eneo lililo mbali na katikati ya jiji, wajue namna ya kupata chakula kizuri cha Thailand karibu na kwao. Kichwa nilichoweka ni "Jinsi ya kupata migahawa mizuri ya Thai katika kitongoji". Mhariri amekirudisha kikiwa kimejaa wino mwekundu: "Thai" iwe "Kithailandi", "migahawa" iwe "mikahawa", na "kitongoji" kiondolewe. Ndani ya maandishi amekata pia "mchuzi wa samaki". Je, yuko sahihi?

JIBU: Nusu kwa nusu. Kwenye "kitongoji" na "mchuzi wa samaki" kakuokoa. Kwenye "migahawa" kakuonea. Na kwenye "Thai" kaona kosa lililopo, ila dawa aliyotoa si ile.

Tuanze na hiyo "Thai". Ukiandika "migahawa ya Thai", msomaji wa Kiswahili hupokea neno Thai kama jina la mwenye mali, vile vile anavyopokea "maduka ya Juma". Lugha ina chombo chake cha kueleza mtindo au namna ya kufanya jambo, nacho ni kiambishi ki-. Pima hizi tatu:

Mkahawa wa Kithai ni ule unaopika kwa namna ya Wathai, uwe wa nani na uwe wapi. Mkahawa wa Mthai ni ule ambao mwenyewe ni Mthai, na hakuna kinachomzuia kuuza piza. Mkahawa wa Thailand uko Thailand, na kuufikia kunataka tiketi ya ndege. Mwongozo wako unahusu ule wa kwanza tu. Ukitaka kumwambia msomaji kwamba mpishi naye ni mtu wa huko, liseme hilo waziwazi: "mkahawa wa Kithai ambao mpishi wake ni Mthai". Usitegemee neno moja libebe habari mbili.

Kwa nini basi si "Kithailandi"? Si kosa la sarufi, na utaliona limeandikwa. Lakini majina ya lugha na mitindo, tunapokuwa na nafasi ya kuchagua, hujengwa juu ya shina la jina la watu: Mfaransa, Kifaransa, Ufaransa, Mholanzi, Kiholanzi, Uholanzi. Lugha ya Finland tunaiita Kifini, hatuburuti "-landi" mpaka kwenye jina la lugha. Kwa mpangilio huohuo tunapata Mthai, Kithai, na wengine huiita nchi yenyewe Uthai, ingawa magazeti mengi huiacha Thailand kama ilivyo. Chagua jina moja la nchi na ubaki nalo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na Kithai ianze kwa herufi kubwa, kama Kiswahili na Kiarabu.

Kuna mtego wa matamshi hapa. Jicho la Kiswahili likiona "th" linasoma sauti ya thelathini na thamani. Sauti ya Thai siyo hiyo. Ni t iliyosindikizwa na pumzi, t yenye mpumuo, na ile h katika maandishi ya Kilatini ni alama ya pumzi tu. Ndiyo maana Phuket, kisiwa cha Thailand, haitamkwi kwa f: ni p yenye pumzi. Msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, hana la kujifunza hapa, maana hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa mpumuo uleule. Huyu wa mwituni ndiye mwenye pumzi. Wanaoandika "Kitai" wamefuata sikio, nami siwalaumu, lakini waangalie wasije wakaandika "chakula cha tai". Tai ni ndege, na chakula chake ni mizoga.

Kwa hiyo: andika Kithai, tamka Kitai.

Nyongeza ya manufaa kwa mwongozo wako. Programu ya ramani kwenye simu mara nyingi haitambui "Kithai", na bango la mlangoni huandikwa "Thai". Waelekeze wasomaji watafute kwa neno hilo, kisha watafute tena kwa majina ya vyakula, maana mkahawa mdogo huweza kujiita jina lisilotaja nchi kabisa. Shida ni kwamba tahajia za Kilatini za majina hayo hazijatulia. Chakula kilekile cha nyama ya kusaga iliyokaangwa na majani ya mrehani utakikuta kama phat kaphrao, pad kra pao au pad krapow. Tom yam, ile supu kali yenye uchachu, ni tom yum; phat thai, zile tambi za mchele za kukaangwa, ni pad thai. Orodhesha tahajia mbili tatu kwa kila chakula. Anayetafuta moja tu atakosa nusu ya majibu. Kila jina liache lilivyo, kisha ulifafanue kwa Kiswahili: "som tam, yaani saladi ya papai bichi". Usilitafsiri ukalifuta, kwa sababu msomaji atalihitaji mbele ya menyu. Hali ni hiyohiyo kwa alama ya Thai SELECT, inayotolewa na Wizara ya Biashara ya Thailand kwa mikahawa ya Kithai iliyokaguliwa. Iandike kama inavyoonekana mlangoni.

Kuhusu mkahawa na mgahawa sina mengi. Shina ni kahawa, hivyo k ndiyo ya asili. Tanzania g imezoeleka mno hata kwenye maandishi rasmi. Yote mawili yanapita, mradi usiyachanganye katika ukurasa mmoja. "Hoteli" ndiyo ningeiepuka, japo mitaani watu husema hoteli wakimaanisha pa kulia chakula: anayetafuta hoteli kwenye simu ataletewa vitanda. Na unapoandika "pa kulia", usisahau kuongeza "chakula". Ukiacha "mahali pa kulia" peke yake, mmoja ataelewa mahali pa kutoa machozi na mwingine atageuka upande wa mkono wa kuume.

Sasa kitongoji. Kamusi zitakupa maana ya makazi madogo yaliyo kando, na kwa maana hiyo hukukosea. Lakini neno limeshachukuliwa na wengine. Tanzania, kitongoji ni sehemu ya kijiji kiutawala na kina mwenyekiti wake. Kwenye habari, hasa za Kenya, limezoeleka likiwa na mkia wa "duni", kitongoji duni, kiasi kwamba hata mkia ukikatwa watu wanausikia. Hakuna kati ya hivyo unachokikusudia. Eneo la makazi lililo ukingoni mwa jiji lina neno lake zuri, viunga. Kiunga kilikuwa shamba la miti ya matunda kando ya mji, kisha mji ukapanuka, nyumba zikafuata, jina likabaki. Sema "viungani mwa mji" au "pembezoni mwa jiji". Ukimaanisha eneo moja mahususi analoishi msomaji, "mtaani kwenu" inatosha na ina joto zaidi.

Angalia irabu ya mwisho tu. Viunga ni ukingo wa mji, viungo ni pilipili manga na wenzake. Katika makala ya chakula, kosa la herufi moja hapo hakuna atakayelishtukia, wewe mwenyewe ukiwemo. Angalia pia kiunganishi: baada ya -ni ya mahali, -a unganifu hufuata mahali, si nomino. Ni "viungani mwa mji" na "pembezoni mwa jiji". "Viungani vya mji" ni mchanganyiko wa mifumo miwili, ingawa bila -ni "viunga vya mji" iko sawa kabisa.

Kichwa changu kingekuwa "Namna ya kupata chakula kizuri cha Kithai viungani mwa mji". Utaona mkahawa umetoka, na ugomvi wa k na g ukatoka nao. Sababu yangu si kukwepa ugomvi. "Mkahawa mzuri" kwa Kiswahili huleta picha ya viti, mapambo na taa kabla ya sufuria. Ukitaka kusifu upishi, sifu chakula, au tumia kitenzi: "wanapika vizuri".

Tuingie jikoni, maana ndipo mwongozo wako utakapopimwa. "Mchuzi wa samaki" kwa yeyote anayekula kwa Kiswahili ni bakuli lenye samaki ndani, la kumwagia wali. Ulichokusudia ni kile kimiminika chembamba cha chumvi, rangi ya chai, kinachotokana na samaki wadogo waliochachushwa kwa chumvi miezi mingi, na Wathai hukiita nam pla. Hicho ni "sosi ya samaki". Mchuzi hupikwa ukaliwa, sosi hutiwa. Kwa kipimo hichohicho, kaeng ya Kithai, ile ya kijani au nyekundu, ni mchuzi, hakuna haja ya kuogopa neno.

Na mchuzi huo una jambo la kumtahadharisha msomaji. Wapishi wetu wa nazi huambizana "koroga, tui lisikatike", na tui lililokatika ni aibu ya mpishi. Katika mchuzi wa kijani, mpishi wa Kithai hulichemsha tui zito makusudi mpaka liachane na mafuta yake, ndipo akaange ndani ya mafuta hayo viungo vilivyotwangwa. Yale matone ya mafuta yanayoelea juu ni dalili ya kazi iliyofanywa. Mchuzi mweupe, mzito, usio na tone mara nyingi umetoka kwenye tui la kopo lililomwagwa pamoja na viungo vya chupa. Usiandike basi "tui lililokatika", maana utaonekana unatukana. Andika "tui lililotoa mafuta".

Kutwanga na kuponda navyo visichanganywe. Viungo vya mchuzi hutwangwa kwenye kinu cha jiwe mpaka vinakuwa laini. Papai la som tam hupondwa tu, kwa mchi wa mti, lichubuke na kunywa ndimu (ndimu, si limau) huku nyuzi zake zikibaki nzima. Hupondwa pale pale linapoagizwa. Likikaa, chumvi na sukari huvuta maji ya papai, na unaletewa nyuzi zilizolegea katika kidimbwi. Mpe msomaji swali la kuuliza kwa simu kabla hajafunga safari: "Som tam mnaponda ikiagizwa, au iko tayari?" Jibu la swali hilo litamweleza mengi kuliko picha.

Usitafsiri ukali kuwa "viungo vingi". Mchuzi wa massaman una mdalasini, iliki, karafuu na bizari nyembamba, na bado ni mpole. Som tam ina viungo vya kuhesabika lakini huweza kukutoa jasho. Cha kwanza kina viungo, cha pili ni kikali. Anayeogopa pilipili aseme "kisiwe kikali" au "pilipili moja tu", au kwa Kithai "mai phet". Akisema "punguzeni viungo" ataletewa chakula kilichopooza ambacho bado kinawasha.

Neno la mwisho ni "nyama", nalo lina madhara kuliko yote. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili samaki si nyama. Mtu akiuliza "Hiki hakina nyama?", atajibiwa kwa uaminifu "Hakina", kisha atakula sosi ya samaki na kamba waliosagwa, ambao wamo katika viungo vya michuzi mingi ya Kithai hata pale bakulini panapoonekana mboga tupu. Phat thai nayo huwa na sosi hiyo, na mara nyingi kamba wakavu pamoja na karanga. Mwandikie msomaji swali refu, hata kama linachosha: "Hakina nyama, samaki wala kamba, hata kwenye sosi?" Mwenye mzio ataje kitu chenyewe, "nina mzio wa karanga", asiseme tu kwamba hali karanga, kwa maana hiyo husikika kama kuchagua chakula. Wathai wenyewe wana neno fupi la chakula kisicho na chochote cha mnyama, na huliandika kwa rangi nyekundu juu ya njano. Hutamkwa karibu kabisa na neno letu la kuulizia, hivyo msomaji wako anaweza kusimama kaunta na kuuliza bila kukosea lugha yoyote kati ya hizo mbili: "Je, hiki ni je?"