Usimwage hivyo vijiko viwili vya mchuzi, vigandishe

Mtoa mada ameuliza afanyeje mboga zake ziwe na ladha nzito bila kutegemea viungo vya paketi, halafu hapohapo analalamika kila wiki anatupa nyanya ya kopo iliyobaki nusu. Mkuu, hayo maswali yako mawili jibu lake ni moja na liko kwenye friza yako. Mimi nina miaka kama sita nafanya hivi na saa hizi siwezi kupika bila hiyo droo ya juu ya friza.

Nianze na hiyo nyanya yako kwa sababu ndo rahisi. Chukua sahani bapa, tandika mfuko wa nailoni juu yake, halafu dondosha nyanya kijiko kimoja kimoja kikae peke yake, usiviache vishikane. Ingiza friza masaa matatu manne mpaka vikakamae, ndo uvibandue uvitie vyote kwenye mfuko mmoja. Ukigandisha bonge zima hutaligusa tena nakwambia, maana siku unayotaka kijiko kimoja utaanza kupambana na kisu na jiwe, mwisho unafungua kopo jipya. Kwahiyo kila kitu gandisha kwa kipimo utakachotumia siku ya kupika, hii ndo siri yenyewe, mengine yote yanafuata.

Sasa kitu kilichobadilisha kabisa mapishi yangu ni ule ugandu wa kahawia unaobaki kwenye kikaango ukishakaanga nyama au kuku. Watu wengi wanaloweka kikaango wanasugua, wanamwaga, na mimi nilimwaga miaka mingi tu. Ile rangi ya kahawia ni protini na sukari za nyama zimekutana na moto mkali, na nyama ya kuchemsha haikupi ladha hiyo hata uichemshe siku nzima. Fanya hivi: toa nyama, punguza mafuta, kikaango kikiwa bado cha moto mwagia maji nusu kikombe, kitapiga kelele shwaaa, hapo kwangua taratibu na mwiko wa mti. Utaona ule ugandu unaachia wenyewe na maji yanakuwa kama chai ya rangi. Yaache yachemke yapungue hadi yabaki vijiko vitatu vinne hivi, chuja, yapoe, tia kwenye trei ya barafu. Ila kama umeungua ukawa mweusi achana nao, uchungu wake hauondoki na utaharibu sufuria nzima.

Kipande kimoja cha hicho ukikitupa juu ya vitunguu vinavyoanza kubadilika rangi, kinateleza teleza pale kidogo, kinayeyuka, harufu inayopanda utadhani kuna nyama inaokwa. Maharage ya kawaida tu yanakuwa kitu kingine.

Mifupa nayo usitupe. Mimi nina mfuko mmoja wa mifupa, na mwingine wa vichwa vya vitunguu, ncha za karoti, vikonyo vya uyoga, maganda ya kamba nayaweka peke yake. Mfuko ukijaa nachemsha kwa moto mdogo, mifupa ya kuku masaa matatu hivi, maganda ya kamba nusu saa inatosha kabisa. Kabichi na koliflawa usiweke, zikichemka muda mrefu zinatoa harufu nzito inayofunika kila kitu. Ukishachuja, irudishe supu motoni bila mfuniko, lita mbili zishuke hadi nusu lita, ndo ugandishe, maana friza zetu hazina nafasi ya kuhifadhi maji. Na CHUMVI USITIE. Mwanzoni nilikuwa natia kama supu ya kunywa, ikikauka hivyo chumvi inabaki yote mle, nikaja kuharibu sufuria ya wali wa wageni na ile siku iliniuma sana.

Tangawizi igandishe nzima, ukiitaka iparuze hivyohivyo ikiwa ya barafu, inatoka kama unga na nyuzi hazikusumbui. Pilipili hivyohivyo. Limao kabla hujalikamua kwangua ganda lake la njano, gandisha ganda kivyake na juisi kivyake. Majani ya giligilani na mengine ya namna hiyo yanalegea yakigandishwa kwahiyo kwenye kachumbari hayafai tena, ila katakata, jaza kwenye trei, funika na mafuta ya kula, yatakufaa motoni. Kitunguu saumu kilichosagwa na mafuta pia ni kizuri, LAKINI hapa naomba mnisikilize vizuri: usikiache mezani. Kile kikifunikwa na mafuta kinakosa hewa, na kuna bakteria wanaopenda hali hiyo hasa, wanatoa sumu ya botulizimu ambayo huioni wala huinusi. Saga, gandisha muda huohuo, na ukitoa kiende moja kwa moja kwenye kikaango.

Tui la nazi likiyeyuka linakatika, usishtuke, tia kwenye mchuzi wa moto ukoroge, linarudi. Viazi vya kuchemsha sishauri, vinakuwa kama sponji.

Halafu usalama wa jumla. Friza haiui bakteria, inawasimamisha tu, kwahiyo chakula kilichoanza kubadilika harufu usikipeleke huko ukidhani kitapona. Kiwe kimeingia baridini ndani ya masaa mawili tangu kitoke motoni, lakini usiingize sufuria inayofuka moshi maana utapasha joto vilivyomo. Kisambaze kwenye chombo kipana kitapoa haraka. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Chupa ya kioo usijaze hadi mdomoni, maji yakiganda yanaongezeka karibu asilimia 9, mimi ilinipasukia chupa ya supu nikamwaga yote kwa hofu ya vipande vya kioo. Mifuko itoe hewa yote, ukiona mabaka meupe makavu ujue baridi imeshanyonya maji, hakina madhara ila ladha imeondoka. Na andika jina na tarehe!! Vikishaganda mchuzi wa kuku na wa kamba vinafanana kabisa. Mimi natumia ndani ya miezi mitatu, hasa vyenye mafuta, kwa sababu mafuta yanachacha hata kwenye barafu, taratibu tu.

Trei nyingi kipande kimoja ni kama vijiko viwili vya chakula, pima ya kwako kwa maji mara moja ujue. Wali wa watu wanne mimi natia vipande vitatu vya supu kwenye maji ya kupikia. Mchuzi wa mboga majani, kimoja cha supu na kidonge kimoja cha nyanya, hiyo nyanya itangulie ikaangike na vitunguu mpaka iwe nyekundu ya kuiva ndo mengine yafuate.

Hiyo nyanya uliyosema umeifungua juzi, kama uliitoa kwenye kopo ukaifunika kwenye friji na haina ukungu, bado hujachelewa, kaidondoshe kwenye sahani usiku huu.