Maswali na Majibu: Wapenda ndege wa nchi nzima wakutane Nairobi

Makundi ya wapenda ndege yaliyoanzia kwenye simu yamekua. Watu wa Kwale na wa Marsabit hutumiana picha kila asubuhi na hawajawahi kuonana. Sasa wengi wanapanga mkutano wa kitaifa jijini, na maswali yao nimeyapokea kwa furaha.

Tukutane mwezi gani? (Mratibu wa kikundi, Nakuru)

Jumamosi ya mwisho wa Februari. Masika huanza Machi mpaka Mei, vuli hushika Oktoba hadi Desemba. Agosti ni kukavu, lakini Nairobi huwa na baridi na mawingu, tena wageni wetu wa Ulaya hawapo: mbayuwayu na korongo weupe huja kuanzia Septemba na Oktoba, kisha huondoka Machi na Aprili. Januari ndege wapo tele, ila ni mwezi wa karo, na mzazi aliyetoka kulipa karo hana ya kukatia tiketi ya basi.

Hata hivyo, ndugu mratibu, usianze na kura. Wakazi wa Nairobi ndio wengi kikundini, na kura itawafuata wao. Anza kwa kumpigia simu aliye mbali kuliko wote. Mtu wa Lodwar ana zaidi ya kilomita 600 za barabara kuja, na nyingine kama hizo kurudi. Mkutano wa Jumapili unamnyang'anya Jumatatu nzima, pengine na Jumanne. Tarehe ikimfaa yeye, wa Kiambu atafika tu. Mtangazie miezi minne kabla, aombe ruhusa kazini.

Wengine wanataka ukumbi wa hoteli, wengine Mbuga ya Nairobi. Tuamueje? (Msomaji, Eldoret)

Hoteli sioni sababu yake. Watu hawakusafiri usiku kucha waje kutazama slaidi. Mbuga, iliyotengwa mwaka 1946, ina mbuni na karani tamba, lakini ndani lazima uwe kwenye gari, na watu waliogawanywa katika mabasi matatu hawajakutana. Mimi ningechagua Msitu wa Karura. Mnatembea kwa miguu, mnasimama mnapotaka, mnaongea. Na msitu huo tunao leo kwa sababu kuna waliousimamia, Wangari Maathai akiwa mstari wa mbele, ulipotaka kunyakuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Wapenda ndege wanapaswa kuukanyaga wakilijua hilo. Mbuga iwe ya Jumapili asubuhi, kwa wanaolala.

Atakayewahi kufika katikati ya wiki ajiunge na matembezi ya kutazama ndege ya chama cha Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa kila Jumatano asubuhi.

Mwanachama mmoja amejitolea kupokea michango kwa simu yake. Ni mwaminifu sana. (Mwanachama, Thika)

Mwaminifu pia huibiwa simu, huugua, hufiwa. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na kila Ijumaa mweka hazina aandike kikundini kilichoingia na kilichotoka. Kisha, nawasihi, wekeni mfuko wa nauli: wa Nairobi achange zaidi kidogo ili wa Moyale apunguziwe mzigo. Bila mfuko huo mtakuwa na mkutano wa Nairobi wenye jina la kitaifa.

Binti yangu ana miaka 16 na anataka kwenda. Hao watu simjui hata mmoja. (Mama, Mombasa)

Mama, una haki ya kuhofu. Mpeleke wewe, au aende na mtu mzima mnayemwamini, asiende peke yake. Zungumza na mratibu kwa simu kabla ya kulipa chochote, na ukisikia anakwepa maswali, acha. Chukueni treni ya asubuhi mfike kungali mchana, kwa sababu stesheni ya SGR iko Syokimau, si mjini. Mwambie mratibu waziwazi kama picha za binti zisisambazwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto.

Kikundini naandika sana, mbele za watu ulimi huwa mzito. (Msomaji, Kisumu)

Njoo hivyo hivyo. Ndege akitua, wote hunyamaza. Vaa beji yenye jina unalotumia kikundini, watakuja wenyewe.

Na wasioweza kufika kabisa? (Mwalimu, Wajir)

Mwalimu, msiwarushie video ya kutwa nzima, bando zitakwisha. Kubalianeni muda wa saa moja, tuseme saa moja hadi saa mbili asubuhi, ambapo wa Karura na wa Wajir wanahesabu ndege kwa pamoja, kila mtu alipo. Orodha zote ziingizwe kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, na pale Karura zisomwe kwa sauti wakati wa chai, mkianza na ya Wajir.